Makande: Chakula cha Msaragambo na cha Juma la Kazi Nyingi

Kila tunapokaribia kukutana sisi wanafunzi wa zamani, kamati ya maandalizi hukabiliwa na swali lile lile: watu watakula nini? Katika kikao kimoja cha maandalizi, mjumbe mmoja alipendekeza tupike makande. Wajumbe wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Tumeyala miaka minne shuleni, leo tukawalishe na wageni?" Nakiri kwamba mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule, nilipokuwa nikirudi nyumbani, nilianza kujiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikicheka. Makala hii ni jibu langu, nami nawaandikia wenzangu wa zamani pamoja na ninyi vijana mlioko shuleni sasa.

CHUNGU NI CHA KALE KULIKO MAHINDI

Sisi watu wa Usangi hupenda kusema kwamba makande ni chakula cha asili cha Mpare. Usemi huu una ukweli, lakini si kwa namna ambayo wengi wetu tunadhani.

Mwaka 1971 mtaalamu wa mambo ya kale, Knut Odner, alichapisha taarifa ya uchunguzi wake katika milima ya Upare ya Kaskazini. Mojawapo ya sehemu alizozichunguza ni eneo la hospitali ya Usangi, mahali ambapo wengi wetu tumepita mara nyingi bila kufikiri kwamba tunakanyaga historia. Humo ardhini mlikuwamo vigae vya vyungu vya watu wa enzi ya chuma. Maana yake ni kwamba katika mabonde haya watu walikuwa wakiteleka vyungu juu ya moto karne nyingi kabla ya mkoloni, na kabla ya kitabu chochote kuandikwa juu yetu.

Je, vyungu hivyo vilipika makande? La hasha. Mahindi hayakuwako. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, nayo yalivuka bahari kuja Afrika baada ya safari za Columbus za mwaka 1492, yakiletwa hasa na Wareno. Jina lenyewe linatukumbusha kwamba watu wa pwani waliyapokea kama kitu cha Hindi. Nao si peke yao waliokosea njia, kwani Waitaliano huyaita mahindi nafaka ya Kituruki! Maharage tunayoyala leo nayo yana asili ya Amerika. Kwa hiyo katika sufuria ya makande, mahindi ni mgeni na maharage ni mgeni.

Kabla ya wageni hao wawili kupanda milimani, vyakula vya Afrika Mashariki vilikuwa mtama, ulezi, kunde, viazi vikuu, na ndizi ambazo zenyewe zilitoka Asia zamani sana. Mama wa wakati ule alijua jambo moja muhimu: nafaka na jamii ya kunde zikipikwa pamoja hushibisha kuliko zikipikwa mbalimbali. Wageni walipofika, aliwaingiza katika chungu kile kile na kuwapika kwa hekima ile ile. Basi cha asili hapa ni ule ujuzi wa kupika, ambao haukuanza na mbegu za Amerika.

Sayansi ya leo inamuunga mkono mama huyo. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, kitu ambacho mwili unakihitaji na hauwezi kujitengenezea. Maharage yana lisini kwa wingi. Kimoja hukamilisha upungufu wa kingine. Ndiyo maana mataifa mengi, bila ya kushauriana, yamefikia chakula cha namna moja. Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi, na Waxhosa wa Afrika Kusini wana umngqusho. Kule Meksiko kwenyewe mahindi na maharage hupandwa shamba moja na kuliwa mlo mmoja.

NDIVA NA MSARAGAMBO

Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini makande yalishika sana katika milima yetu na atazame kazi za watu wetu.

Ardhi ya Usangi ni ya miteremko, na mvua hazitoshi miezi yote. Wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito. Ndiva hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji yakafuata mifereji mpaka mashambani kwa zamu. Kazi ya kuchimba, kuzibua na kutengeneza ndiva na mifereji haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Hufanywa na wote, na kazi hiyo ya wote ndiyo msaragambo. Baadaye msaragambo huo huo ulichonga barabara, ukabeba mawe na kujenga madarasa. Wengi wetu tulisoma katika vyumba ambavyo mawe yake yalibebwa vichwani na wazazi wetu.

Sasa fikiri juu ya siku ya msaragambo. Watu wametoka alfajiri. Hakuna ajuaye kazi itakwisha saa ngapi, wala watakuja watu wangapi. Chakula kinachofaa siku hiyo ni kile kisichomngojea mpishi wala mlaji. Ugali ukichelewa kuliwa hupoa na kukauka, na tena wataka mboga. Wali wataka mchele, nao haukulimwa milimani. Makande hayana masharti hayo. Yakiiva saa nne, yataliwa saa sita au saa nane. Wakiongezeka watu kumi, huongezwa maji kidogo na ndizi chache za kupika. Hayahitaji kitoweo. Yanaweza kufungwa katika jani la mgomba na kupelekwa shambani, na mtu akala kwa mkono akiwa amekaa juu ya jiwe.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa Usangi wataielewa upesi. Kwetu Uislamu na Ukristo vimekaa pamoja muda mrefu. Misheni ya Walutheri wa Leipzig ilifunguliwa Shigatini mwaka 1900, na Uislamu nao ulipanda mlima kwa njia za biashara ya pwani. Matokeo yake ni kwamba katika ukoo mmoja yumo shehe na yumo mzee wa kanisa. Penye nyama huulizwa nani amechinja. Penye pombe ya miwa, ile dengelua, wengine huondoka. Lakini penye chungu cha makande hakuna anayeuliza kitu ila bakuli.

Juma la kazi nyingi lilikuwa na faida ile ile. Wakati wa kupalilia, au wa kuchuma kahawa, mama alipika chungu kikubwa mara moja. Jioni watu walikula, na asubuhi kilichobaki kilipashwa moto kikaliwa na chai kabla ya jembe. Baridi ya milimani ilisaidia, kwa kuwa chakula hakikuchacha upesi kama kingekuwa Dar es Salaam.

SAME, MWAKA 1945

Chungu hiki kina sehemu yake pia katika historia ya siasa. Katika miaka ya vita kuu ya pili, kodi mpya iliyoitwa mbiru ilianzishwa Upare. Ilikuwa ikitozwa kulingana na makisio ya mali ya kila mtu, na wananchi waliikataa. Profesa Isaria Kimambo ameeleza habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1971. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu kutoka himaya zote tisa za Upare walishuka kwa miguu mpaka Same, ambako ndiko kulikuwa na makao makuu ya wilaya nzima wakati huo, kwa kuwa Wilaya ya Mwanga ilikuwa bado haijatengwa. Mwanga ilitengwa mwaka 1979. Watu wale hawakushuka Same kwa siku moja na kurudi. Walikaa.

Yeyote aliyepata kuandaa mkutano wetu wa siku mbili anajua maana ya neno hilo, "walikaa". Maelfu ya watu hawakai tambarare kavu ya Same kwa maneno matupu. Nyuma ya kila mwanamume aliyekaa kule palikuwa na mke milimani aliyebaki na shamba, mifugo, watoto na chungu. Wanawake nao hatimaye waliingia mgogoroni waziwazi. Wanawake wa Usangi walimkabili mkuu wa wilaya, wakimtaka aumalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani. Mwishowe serikali iliiacha kodi ile. Tunapoisimulia mbiru, aghalabu tunataja wanaume waliokaa Same. Ni haki tuwataje pia waliobeba nyumba nzima ili wao waweze kukaa.

MAKANDE YA SHULENI

Naja sasa kwenye makande tuliyoyacheka. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa ziwe na mashamba. Sisi tuliosoma katika miaka ya 1980 tulikuta jembe ni sehemu ya vifaa vya mwanafunzi kama vile daftari. Tulilima mahindi, tulilima maharage, na tulichovuna tulikila.

Miaka ile nchi ilikuwa katika dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na bidhaa zilikuwa adimu. Sukari ilitafutwa kama dawa. Unga wa ngano haukuonekana, na maandazi yakawa habari za kusimuliwa. Mahali pengi watu walikula unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, wakaupachika jina la Yanga kwa sababu ya rangi yake.

Katika dhiki hiyo makande hayakukosekana mezani kwetu. Sisi tuliyaita kokoto. Tuliyapigia makofi kwa dhihaka yalipoingia bwaloni. Nani alijua kwamba wakati ule watu wa mijini walikuwa wakipanga foleni kutwa nzima kutafuta kilo mbili za unga? Tulikuwa tumeshiba, ndiyo maana tulipata nguvu za kudhihaki.

Na kumbwe zetu je? Mkate ulipoadimika, mama zetu waliokuja kututembelea walileta magimbi ya kuchemsha, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu na vipande vya miwa. Tuliona haya kuvipokea mbele ya wenzetu waliotoka mijini. Baada ya saa moja wenzetu hao hao walikuwa wametuzunguka kitandani wakiomba gimbi.

NANI ALIYEKOKA MOTO?

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe. Siku moja ya wazazi nilitajwa kupewa zawadi ya somo la historia. Wageni walikuwa wengi, na wazazi wa vijiji vya jirani walikuwa wameombwa kusaidia kupika. Baba yangu alikaa kwenye benchi pamoja na wanaume wengine, akasikiliza hotuba zote. Mama yangu alikuwa nyuma ya jiko tangu usiku, pamoja na wanawake wengine, akigeuza makande katika mapipa. Jina langu liliposomwa, nilitazama mabenchi yote sikumwona. Nilipompelekea kile kitabu nilichopewa, alifuta mikono yake kwenye khanga, akakishika kwa ncha za vidole asikichafue, akauliza, "Wamekusoma jina lote, mwanangu? Na la baba yako?" Nikasema ndiyo. Akacheka kwa furaha, kisha akarudi kwenye pipa.

Sikufikiri lolote siku ile. Nafikiri sasa, naye hayupo tena. Tunayaita makande chakula rahisi. Ni rahisi kwa nani? Mahindi yalitwangwa kinuni mpaka yakatoka kapi. Maji yaliletwa kwa kichwa. Kuni zilitafutwa mlimani, na chungu kilichemka saa tatu au zaidi. Urahisi wote ule ulitokana na saa za mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa kwenye benchi. Msaragambo tuliusifu kwa mawe na mifereji yake, lakini jiko la msaragambo hatukulihesabu kuwa msaragambo.

Gharama nyingine ilibebwa na msitu. Kuni za chungu cha saa tatu si chache, na miti ya milima yetu, Kindoroko ikiwamo, ndiyo inayotunza vijito vinavyojaza ndiva. Tukiikata miti ili tupike mahindi, tutakosa maji ya kuyalima. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Wapo wanaosema kwamba makande na gesi haviendi pamoja kwa sababu mtungi utakwisha. Nasema vinaweza kwenda pamoja tukitumia akili.

NAMNA YA KUPIKA KWA WATU WENGI NA KWA JUMA ZIMA

Kwa faida ya vijana, na ya wanaume wenzangu ambao hatukufundishwa, naeleza kwa ufupi.

Kipimo ni mafungu mawili ya mahindi yaliyokobolewa kwa fungu moja la maharage. Kwa watu 100, kilo 10 hadi 12 za mahindi na kilo 5 au 6 za maharage hutosha. Siku hizi mahindi yaliyokobolewa kwa mashine hupatikana sokoni, na kinu kimepumzika.

Chagua kwanza. Punje yenye ukungu itupwe, tena isipewe hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo haimalizwi kwa kuchemsha.

Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake, kisha mwaga maji hayo. Kuloweka hupunguza sana muda wa motoni. Anza na mahindi, yachemke kama saa moja, ndipo utie maharage. Maharage yachemke kwa nguvu, si kwa moto wa kufifia, kwa sababu maharage mabichi yana sumu yake ambayo huondolewa na mchemko mkali. Magadi yasizidi, kwani yakizidi huharibu vitamini. Kitunguu, nyanya, karoti na chumvi viingie mwishoni.

Mwenye gesi atumie sufuria ya presha, au atumie kapu. Tafuta kapu kubwa, ulijaze majani makavu ya mgomba au vitambaa, na katikati uache nafasi ya sufuria. Makande yakishachemka vizuri kwa nusu saa baada ya kutia maharage, funika, yatie kapuni, yafunike tena juu kwa mto mzito. Baada ya saa tatu au nne utayakuta yamelainika bila ya moto. Yachemshe tena kabla ya kula.

Kwa juma la kazi nyingi, pika mara moja na uweke mafungu kwenye jokofu. Siku moja ule na maziwa mgando, siku ya pili na parachichi, siku ya tatu uyakaange kwa kitunguu na nyanya. Mwanafunzi wa chuo anayeishi chumba kimoja mjini atajilisha siku tatu kwa gharama ndogo kuliko sahani moja ya chipsi kuku.

PENDEKEZO LANGU KWA KAMATI

Natamka hadharani kwamba nafuta kicheko changu. Napendekeza mkutano wetu ujao tule makande, pamoja na magimbi, ndizi na miwa ya kutafuna wakati wa mazungumzo. Anayetaka pilau apikiwe pia, hakuna ugomvi.

Lakini pendekezo langu lina sharti moja. Makande hayo tuyapike sisi. Tufike jioni ya kuamkia mkutano, tuchague mahindi, tuloweke, alfajiri tukoke moto, na kila darasa litoe watu wake kwa zamu kama zamu za maji ya ndiva. Wanafunzi wa sasa wajiunge nasi, na hapo tutazungumza nao vizuri kuliko jukwaani. Nao mama zetu waliobaki, pamoja na wake zetu na dada zetu, wakae kwenye mabenchi ya mbele tangu hotuba ya kwanza mpaka ya mwisho, wasikie kila jina likisomwa. Mimi nimekwisha kujiandikisha katika zamu ya saa kumi alfajiri.